Muulize Bi Mizani: Nafunga saa 16, mbona sipungui?

*Shikamoo Bi Mizani. Mimi ni msichana wa miaka 27, nakaa Tabata, nafanya uhasibu maeneo ya Posta. Urefu wangu ni sentimita 163. Miezi miwili na ushee iliyopita dada mmoja wa ofisini alianza mfungo wa saa 16: anakula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, baada ya hapo ni maji na chai ya rangi isiyo na sukari. Alikuwa na kilo 96, sasa ana 89. Nikaona na mimi nijaribu, maana Desemba ni send-off ya mdogo wangu na gauni la kitenge nililoshonewa linanibana kiunoni.*

*Nilianza na kilo 53. Leo, wiki ya tisa, nina 52.2. Gramu 800 tu! Sijaruka hata siku moja. Supu na chapati za asubuhi nimeacha, na tangu wiki ya nne nakimbia kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Nataka nifike 48. Nakosea wapi? Niongeze ziwe saa 18, au 20?*

*Kingine, sijui kama kinahusiana: kiyoyozi cha ofisini kinanitesa kwa baridi mpaka navaa sweta, wenzangu wananicheka. Na siku zangu za mwezi uliopita hazikuja, za mwezi huu nazo bado.*

*Gauni Linanibana, Tabata*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikaanzia chini. Nitakujibu hivyo hivyo, kwa sababu jambo kubwa umeliweka mkiani kama mtu anayemweleza daktari habari ya mafua nusu saa, halafu akiwa mlangoni anageuka: "Ah, na kifua kinanibana."

Hedhi ikikosekana miezi miwili, mambo ya gramu yanasubiri. Kesho pita duka la dawa, nunua kipimo cha mimba, pima. Usininunie kwa swali langu. Muuguzi yeyote ataanzia hapo. Kama hakuna mimba, nenda kituo cha afya uwaeleze kila kitu, pamoja na mfungo na hizo mbio za alfajiri. Wanaweza kutaka kukupima damu, homoni, labda na tezi ya shingo, kwa kuwa tezi ikizembea nayo huleta baridi na kuvuruga hedhi. Ila ukiniuliza mimi, niliyekaa kliniki ya lishe hapa Tanga hadi nikastaafu, nashuku kitu cha kawaida zaidi: mwili wako umeona mapato yamepungua na matumizi yameongezeka, ukaanza kufunga idara. Idara ya kwanza kufungwa ni ile ambayo mwili unaweza kuishi bila hiyo kwa sasa, yaani uzazi. Inayofuata ni ya joto. Hii hutokea hata kwa mtu ambaye mizani yake karibu haijasogea, na wanariadha wa kike wanaijua vizuri.

Sweta lako limenikumbusha jaribio la Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 hadi 1945. Vijana 36 wa kiume, wenye afya na wasio na unene, waliokataa kwa dhamiri yao kushika bunduki vitani, walijitolea kula nusu shibe kwa wiki 24, takriban kalori 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa watembee sana. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua kasi. Walisikia baridi hata wakati wa joto. Wengine walikuwa wakisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Wewe hujafika huko, hata karibu hujafika, lakini njia ni ile ile. Na mwenyewe najiuliza: saa nne asubuhi, ukiwa mbele ya kompyuta, unafikiria mahesabu au unafikiria wali wa mama ntilie?

Sasa turudi kwenye gramu zako. Wewe ni mhasibu, tupige hesabu.

Mtu wa kilo 52 na urefu wako, akilala tu kitandani kutwa, mwili wake unatumia kama kalori 1,240. Mwenzako wa kilo 96, kama mnalingana kimo na yuko kwenye thelathini, anapita 1,600 kabla hajanyanyua mguu. Kila hatua anayopiga kupanda ngazi za ofisi anabeba kilo 44 zaidi yako. Kuna wapagazi wanalipwa kwa mzigo mdogo kuliko huo. Kwa hiyo nyote mkiacha chapati zile zile mbili, yeye ana akaunti nene ya kutoa, wewe unakomba sarafu chini ya mkoba. Na kilo zake za mwanzo zilikuwa na maji mengi ndani yake. Wanga tunaouhifadhi kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, kila gramu moja na kama gramu tatu za maji, na ukibana chakula huondoka vyote. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya mfungo watu hupiga vigelegele.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700. Gramu zako 800, kama zote zingekuwa mafuta, ukizigawa kwa siku 63 unapata pengo la kalori mia moja hivi kwa siku. Hata andazi moja halifiki. Na mizani ya bafuni hubadili kauli ukiihamisha kutoka kigae hiki kwenda kile, sembuse chumvi ya jana usiku, choo, na siku za kukaribia hedhi ambapo maji peke yake yanaweza kukuongezea kilo nzima. Naona uliandika "52.2" kwa nukta. Nukta hiyo, mwanangu, ni ya kubahatisha.

Hukukosea popote. Mwaka 2020 Marekani walichapisha utafiti wa watu 116 wenye uzito uliozidi. Nusu yao walikula kwa saa zako hizo hizo, saa sita mchana hadi saa mbili usiku, kwa wiki 12. Walipungua wastani wa kilo 0.94. Wenzao waliokula milo mitatu ya kawaida walipungua 0.68, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa kitu. Hao ni watu wenye cha kupunguza! Wewe usiye nacho umewakaribia. Na kilichoniuma zaidi: katika wale waliopimwa kwa undani, sehemu kubwa ya kilichopungua haikuwa mafuta bali nyama ya mwili, misuli ikiwemo. Mfungo si uchawi. Unamsaidia mtu kwa sababu unamfungia jiko saa za kutafunatafuna. Kama hukuwa mtafunaji, umefungia jiko lisilo na moto. Mimi nafunga Ramadhani tangu utotoni, kwa ajili ya Mungu na bila hata tone la maji, na sijawahi kutoka mwezini nimepungua. Mihogo ya nazi, tambi na kaimati za Tanga hazikubali.

Kwa hiyo saa 18, hapana. Saa 20, hapana na nusu. Hata hizi 16 ziache leo. Uwiano wako wa uzito na urefu, ile BMI ya kliniki, ni 19.6. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima kinaanzia 18.5, ambacho kwa kimo chako ni kilo 49 na ushee. Hizo 48 unazozitafuta ziko upande wa waliokonda kupita kiasi. Nimewapima wanawake wa uzito huo miaka mingi, wengi wao wakija na watoto mgongoni, na kazi yangu ilikuwa kuwapandisha.

Rudisha kifungua kinywa. Chapati si adui, ila iambatane na yai, au supu yenye nyama ndani na si mchuzi mtupu. Mchana maharage au kunde, jioni dagaa ama samaki na mchicha wako. Mbio zipumzishe mpaka hedhi irudi na daktari akuruhusu. Baadaye, badala ya kukimbia kila siku, nyanyua vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki. Ndoo ya lita 10 inatosha kuanzia. Mizani mpe jirani. Nimepewa jina la mizani na nasema hivyo.

Kama siku yoyote utajikuta unaogopa kula mbele ya watu, au unajilaumu usiku kucha kwa sababu ya sahani moja ya pilau, mwambie daktari hilo pia, kwa maneno hayo hayo.

Limebaki gauni. Kilo nne hazitoki kiunoni kwa sababu umeziamuru zitoke hapo; zingeanza kuondoka mashavuni na kifuani, na gauni likakubana kiunoni na kulegea juu. Tumbo la chini la mwanamke lina mviringo wake, na ukishakula maharage linaongeza. Lipeleke kwa fundi wiki hii, kabla foleni ya Desemba haijaanza. Mwombe afumue mishono ya ubavuni aachie sentimita moja na nusu kila upande. Fundi anayejua kazi huwa ameacha kitambaa ndani. Kama wako hakuacha, dai kipande kilichobaki.