Anayehama Anadaiwa Nini na Aliyebaki?

Swali lenu la wiki limeuliza kama fedha ambazo vyuo vya Marekani vimezipata kwa kuhama konferensi zinafidia mechi za watani wa jadi zilizopotea. Nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili kilichonikera ni neno "vyuo", kana kwamba vyote vilifunga mizigo na kuondoka. Mimi ni mhitimu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilichoko Pullman, katika vilima vya ngano mashariki mwa jimbo letu, na sisi hatukuhama. Tulihamwa. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikijibu swali lililo jirani na lenu: anayehama anadaiwa nini na aliyebaki?

Kwa wasomaji walioko mbali na mambo haya, konferensi ni umoja wa vyuo vinavyocheza ligi moja na kugawana fedha za televisheni. Yetu iliitwa Pac-12, na mizizi yake ilianzia mwaka 1915. Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA za Los Angeles zilitangaza kujiunga na Big Ten, konferensi ya vyuo vya katikati ya nchi ambayo mkataba wake wa matangazo na Fox, CBS na NBC ulitajwa kuwa wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Mwaka uliofuata Colorado ikaondoka mwishoni mwa Julai, na tarehe 4 Agosti, katika siku moja tu, Oregon na Chuo Kikuu cha Washington (nitakiita Washington tu, kisichanganywe na chetu) zikaenda Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah zikielekea konferensi nyingine, Big 12. Stanford na Cal, yaani Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, zikakimbilia ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki, zikikubali mgawo mdogo mno ili mradi zipate pa kulala. Kati ya vyuo kumi na viwili vilibaki viwili: Oregon State na sisi.

Uchungu wetu mkubwa ni juu ya Washington, jirani wa Seattle, ambaye tumecheza naye tangu mwaka 1900 mechi ya futiboli ya Kimarekani inayojulikana leo kama Apple Cup. Ili mwelewe kwa nini nasema hivyo, sina budi kueleza kwa kirefu mechi ya tarehe 25 Novemba 2023, ya mwisho kabla ya utengano.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasoma Washington, na ndiye aliyenunua tiketi. Nilivuka milima nikiwa nimevaa sweta la rangi ya damu ya mzee, ambayo ndiyo rangi ya Pullman, nikamkuta langoni amejifunika zambarau kuanzia kofia hadi soksi. Aliniamkia, "Shikamoo, mjomba," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akalitazama sweta langu na kusema, "Hilo leo utalivua." Tulikaa juu kabisa, upande ambao Ziwa Washington linaonekana kupitia pengo la mashariki mwa uwanja. Wenyeji walikuwa wameshinda mechi zote kumi na moja za msimu. Sisi tulikuwa na ushindi wa mechi tano, na tulihitaji wa sita ili tupate nafasi ya kucheza mechi ya baada ya msimu. Kwa hesabu ya kawaida tulipaswa kufungwa vibaya na kurudi nyumbani mapema.

Haikuwa hivyo. Ilipobaki dakika moja na sekunde chache matokeo yalikuwa 21 kwa 21, na Washington, wakiwa na mpira kwenye yadi ya 29 ya upande wao wenyewe, walikuwa wamefika jaribio la nne wakihitaji yadi moja tu. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na kocha mwenye busara za kawaida, akiwa ndani kiasi kile ya eneo lake, huupiga mpira mbali katika jaribio la nne na kuomba ngome yake isimame. Akijaribu na kushindwa, mpinzani anaupata mpira mahali ambapo teke moja la kupitisha kati ya milingoti linamaliza mechi. Niliona wachezaji wao hawatoki uwanjani. Mpwa wangu akanishika mkono, akiwa amesahau kwamba mimi ni adui, akasema, "Mjomba, hawa wanajaribu kweli." Mpira akapewa Rome Odunze, ambaye kazi yake ni kudaka pasi na si kukimbia na mpira mkononi, akaukata uwanja kwa upana, akapata mwanya pembeni na kwenda yadi 23. Baada ya hapo Grady Gross akapiga teke la yadi 42 saa ya uwanjani ikimalizikia, na ikawa 24 kwa 21.

Wahitimu wenzangu wana nadharia kuhusu lile jaribio la nne. Wanasema kocha Kalen DeBoer alithubutu kwa sababu chuo chake kilikuwa tayari kimeshajihakikishia mahali pa kwenda, na kwamba aliyeshiba ndiye anayeweza kucheza kamari. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Alithubutu kwa sababu alikuwa na Odunze, na sisi hatukuwa na mtu wa kumkamata. Timu ile ilikwenda hadi fainali ya taifa Januari iliyofuata na kufungwa na Michigan, mwanachama wa Big Ten, kabla hata Washington haijaingia rasmi katika konferensi hiyo, na kocha mwenyewe akahamia Alabama siku chache baadaye. Makocha nao huhama.

Lakini si teke la Gross linalonirudia. Tukiwa tunashuka ngazi katikati ya kelele, mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, alinipa pole na kusema, "Mwakani sisi tunao Michigan hapa nyumbani, halafu tunakwenda Penn State. Ninyi mnacheza na nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu siku ile jibu halikuwepo. Mkataba wa kucheza na timu za konferensi ya Mountain West, ambao vyuo viwili vilivyobaki vililazimika kuulipia dola milioni 14 kwa msimu mmoja, ulitangazwa siku chache baadaye. Fikirieni jambo hilo: chuo kilichocheza futiboli kwa zaidi ya miaka mia moja kinalipa ili kipate wa kucheza naye. Mwaka 2025, mkataba huo ulipokwisha, sisi na Oregon State tulicheza wenyewe kwa wenyewe mara mbili katika msimu mmoja.

Sasa fedha. Katika Pac-12 ya zamani kila mwanachama alipokea zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka, na kwa chuo cha mji mdogo kama Pullman fungu hilo lilikuwa uti wa mgongo wa michezo yote, si futiboli peke yake. Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki, pengine kuliko wengi wanavyojua. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Pullman mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya kwanza, ya mita 5,000, aliiweka Berkeley, nyumbani kwa Cal. Ya pili, ya kuruka viunzi na maji, aliiweka Seattle. Zote mbili zilivunjwa katika miji ya wenzetu wa konferensi, kwa sababu huko ndiko ratiba ya kawaida ilikompeleka. Kabla yake walikuwepo John Ngeno na Samson Kimombwa, na baada yake wakaja Julius Korir na Bernard Lagat. Mwaka 2025 chuo hichohicho kilitangaza kwamba kinafuta michezo ya kuruka na kurusha, kinapunguza mbio fupi na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Wakenya wanaweza kusema mbio zao zimenusurika. Mimi naona nyumba iliyoanza kuuza viti.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa kali: Washington itulipe. Mfano upo. Bodi inayosimamia matawi ya Chuo Kikuu cha California iliamuru UCLA iilipe Cal dola milioni 10 kwa mwaka, kwa kuwa kuhama kwa mmoja kulimuumiza ndugu yake chini ya bodi hiyohiyo. Vyuo vyetu viwili vina bodi tofauti, lakini vyote ni mali ya jimbo moja na vinapitishiwa bajeti na bunge moja la Olympia, na nilitaka kuwauliza wabunge hao wanangoja nini.

Ila nikizipanga tarehe vizuri, hoja yangu inaanza kuyumba. Kwanza, si kweli kwamba hatukupata chochote. Mahakama ya kule Colfax, mji ulio jirani na Pullman, iliamua Novemba 2023 kwamba vyuo viwili vilivyobaki ndivyo vyenye haki ya kuiongoza konferensi, na katika mapatano yaliyofuata vyuo kumi vilivyoondoka viliacha jumla ya dola milioni 65. Pili, Washington haikukimbilia utajiri wote unaosemwa. Iliingia Big Ten kwa takriban nusu ya mgawo wa wenzake, baada ya Pac-12 kuletewa na kampuni ya Apple ofa ya matangazo yenye fedha kidogo, na ikijua kwamba Oregon naye yuko mlangoni. Kama Big Ten wangepiga simu Pullman asubuhi ile badala ya Seattle, sidhani kama simu ingeita mara tatu.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, tuliwahi kuachwa kabla. Konferensi ya zamani ya Pwani ya Pasifiki ilipovunjika mwaka 1959, Washington na vyuo vikubwa vya California viliunda umoja mpya na kutuacha nje. Tulipokelewa mwaka 1962; Oregon na Oregon State zikasubiri hadi 1964. Katika miaka hiyo yote mechi yetu na Washington haikukoma, na mwaka uleule wa 1962 ndipo ilipoanza kuitwa Apple Cup. Tena wapo watani waliorudishwa pamoja na uhamaji uleule unaolaumiwa: Texas na Texas A&M, waliotengana mwaka 2011, walikutana tena Novemba 2024 kwa sababu Texas nayo imehamia SEC, konferensi ambayo mwenzake alikwishaihamia. Oklahoma na Oklahoma State, kwa upande mwingine, waliotengana Oklahoma ilipohamia SEC, hawajacheza tangu Novemba 2023, mechi ambayo Oklahoma State ilishinda 27 kwa 24. Tofauti ya watani hawa na wale haikuwekwa na televisheni peke yake; mara nyingi iliwekwa na viongozi wawili waliokubali au kukataa kupigiana simu.

Jibu langu basi, kwa swali lenu na kwa langu, ni kwamba Washington ilifanya sawa kuondoka. Ningekuwa mjumbe wa bodi yao ningenyoosha mkono, ingawa nisingethubutu kuwasimulia wajomba zangu. Nasema hivyo kwa masharti. Siisemi juu ya USC na UCLA, walioondoka wakati nyumba bado ina paa. Siisemi pia juu ya timu za voliboli na soka za wasichana, ambao sasa wanavuka bara zima kwenda New Jersey kucheza na Rutgers, mwenzao wa Big Ten, katikati ya wiki za masomo kwa sababu ya mkataba wa futiboli. Na bado naamini kuna deni, ila si la fedha. Septemba 2024 tuliwashinda Washington 24 kwa 19 huko Seattle, nikafurahi kama mtoto, lakini ilikuwa Septemba, msimu ndio kwanza unaanza, na hakukuwa na nafasi ya mtu ya kuharibu. Mkataba wa sasa wa Apple Cup unaishia mwaka 2028. Wakitaka kulipa, wauongeze hadi 2040, mechi za Pullman zibaki Pullman, na wawaombe Big Ten wiki ya mwisho ya Novemba angalau kila baada ya miaka miwili. Wakikataliwa, watuoneshe barua waliyoandika.