Barua kwa mwanangu: juu ya sanamu uliyoiona London

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika salama, na mama yako ameisoma mara mbili kabla ya kunipa, kama ilivyo kawaida yake. Sisi huku Lushoto hatujambo. Baridi imeanza mapema mwaka huu, na ule mwavuli ulioniachia sasa unafanya kazi ya mkongojo.

Unasema kwamba ulipoingia British Museum, lile jumba kubwa la makumbusho, uliikuta sanamu ya Hans Sloane ndani ya kabati la kioo, pembeni yake maandishi yanayoeleza uhusiano wake na utumwa, na kwamba hadi mwaka 2020 sanamu hiyo ilisimama peke yake mahali pa heshima. Unataka kujua kama mimi ningeiacha ilipokuwa, ningeitia kabatini, au ningeiondoa kabisa. Nitakujibu, lakini kwanza niruhusu niseme juu ya vikaratasi, vile vya maelezo vinavyoambatishwa na vitu vilivyokusanywa. Unaujua msimamo wangu tangu ukiwa darasa la nne, na kaka zako wanaweza kuukariri hata usingizini: kitu kisicho na jina la aliyekiokota ni nusu kitu.

Sloane alikuwa tabibu, mzaliwa wa Ireland, aliyefika Jamaica mwishoni mwa 1687 akiwa daktari wa gavana wa kisiwa hicho. Alikaa huko kama miezi 15 tu, gavana akamfia, naye akarudi Uingereza mwaka 1689 na mimea mikavu ya aina zipatazo 800. Alijaribu pia kurudi na wanyama hai, na hapo nakiri kwamba hucheka kila ninapokumbuka: nyoka mrefu wa futi 7 alitoka katika mtungi aliofungiwa akapigwa risasi na watumishi wa mjane wa gavana, kenge wa Kimarekani alitumbukia baharini, na mamba akafia ndani ya pipa la maji ya chumvi. Mimea haikimbii, ndiyo maana iliyofika ni mimea.

Mwaka 1693 akawa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, na tangu hapo meza yake ikawa njiapanda ya barua za dunia nzima. Mwaka 1695 alimwoa mjane wa mwenye mashamba wa Jamaica, na mapato ya miwa iliyolimwa na watumwa yakaingia nyumbani mwake pamoja na mke. Alipofariki mwaka 1753 aliacha vitu zaidi ya 71,000, Bunge likavinunua kwa kuwalipa binti zake pauni 20,000, na jumba ulilolitembelea likafunguliwa mwaka 1759. Hayo yote bila shaka umeyasoma katika maandishi ya kabati lile, kwa hiyo sitayarefusha.

Linalonishughulisha ni jambo dogo zaidi. Katika kitabu cha safari yake, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1707, Sloane anasimulia kwamba alihudhuria ngoma ya watumwa, akamwomba mtu aitwaye Baptiste aziandike nyimbo zao kwa alama za muziki. Nyimbo zimo kitabuni hadi leo, zimepangwa kwa majina ya mataifa ya Kiafrika: Angola, Papa, Koromanti. Aliyeandika tunalijua jina lake. Aliyeimba hatulijui. Tena Sloane hakuficha kwamba habari nyingi za mimea alizipata kwa wenyeji, anasema waziwazi kuwa ni Wazungu, watu wa asili wa Marekani na watu weusi. Ona, mwanangu: amewashukuru wote, lakini wengi wao hakuwataja kwa jina. Je, hiyo ni shukrani? Siku nyingine nasema ni shukrani kuliko nyingi za wakati ule. Siku nyingine nasema ni sawa na kumshukuru mvuvi kwa kusema ahsante bahari.

Alikuwapo pia James Petiver, muuza dawa wa mtaa wa Aldersgate London, ambaye ndiye hasa ninayemfikiria ninapoisoma barua yako. Huyu hakusafiri kwenda makoloni hata mara moja. Alichapisha karatasi za maelekezo akawagawia manahodha na matabibu wa merikebu, baadhi yao wa merikebu za watumwa zilizokwenda pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, na kuvuka hadi Marekani na visiwa vya Karibi: ndege watiwe ndani ya ramu au brandi, majani yabanwe katikati ya karatasi, vipepeo viingizwe kati ya kurasa za kitabu kidogo mara vinaponaswa. Fikiria merikebu ile, chini watu wamefungwa minyororo, na juu tabibu anakausha ua ili lisipoteze rangi. Petiver aliwalipa kwa dawa, kwa vitabu, na kwa kitu walichokipenda zaidi, yaani kuyaona majina yao yamechapishwa. Alijua thamani ya jina kuliko mtu yeyote. Nahodha aliandikwa. Tabibu aliandikwa. Aliyeingia kichakani kwa miguu mitupu hakuandikwa, kwa kuwa barua ilitoka kwa aliyeshika kalamu.

Petiver alipofariki mwaka 1718 Sloane aliununua mkusanyiko wake wote, kisha akalalamika kwamba aliukuta umelundikwa ovyo, na vikaratasi vidogo vidogo katikati ya vumbi na wadudu. Nililisoma hilo nikajisikia vibaya kana kwamba nimesemwa mimi, na sasa nitakuambia kwa nini, ingawa mama yako anasema hadithi hii imekuchosha tangu utotoni. Imekuchosha nusu yake. Nusu nyingine sijapata kukusimulia.

Unajua kwamba nilipomaliza kidato cha nne nilifanya kazi wiki sita na mtafiti mgeni aliyekuja kukusanya mimea katika misitu yetu ya Usambara. Unajua pia kwamba babu yako ndiye aliyetuongoza, kwa kuwa hapakuwa na mti asioujua. Alikuwa akikwaruza gome kwa kisu, ananusa, anataja jina kwa Kisambaa na kazi yake: huu mkulo, ule msambu ambao mbegu zake hutoa mafuta, huu mwingine usiukate kuni maana moshi wake hulevya. Mimi nilipewa kazi ya vikaratasi kwa sababu ya mwandiko wangu, ule uliousifu katika vitabu vyangu vya zamani. Kila kikaratasi kilikuwa na nafasi ya namba, tarehe, mahali, mwinuko, maelezo na mkusanyaji. Niliandika 212. Katika nafasi ya mkusanyaji nikaandika mara 212 jina la mgeni, ambaye kupanda mti hakuweza na mwinuko wa pili wa siku humkuta ameketi.

Jioni moja, tukiwa tunabadilisha magazeti ya kukaushia, babu yako aliinama juu ya bega langu. Kusoma hakujua. Akaniuliza, "Na mimi umeniandika wapi?" Sehemu ya maelezo ilikuwa na mistari miwili mitupu. Nikamjibu, "Baba, hapa wanaandikwa wenye elimu." Hakukasirika. Alicheka kidogo, akatoa ugoro wake, akaendelea kunipa magazeti makavu moja baada ya jingine mpaka kazi ikaisha.

Nimejitetea kwa miaka mingi. Nilikuwa na umri wa miaka 18, kikaratasi kilikuwa na nafasi moja, na utaratibu haukuwa wangu. Lakini yule mgeni hakunikataza, mwanangu. Hakuniambia neno lolote juu ya hilo. Nadhani ningemwomba angekubali, pengine angefurahi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kwa hiyo ninapomsoma tabibu wa merikebu ya watumwa namhukumu upesi, kisha najikuta nimesimama naye meza moja. Hapana, si meza moja; yeye alisafiri na minyororo na mimi nilisafiri na baba yangu, na sitaki mtu alinganishe mambo hayo mawili. Ila mkono ule unaoruka jina naufahamu.

Hata lile ua la zambarau lililo dirishani kwa mwenye nyumba wako, uliloniambia limekukumbusha nyumbani, ni la milima yetu. Ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, baba akampa mtaalamu Hermann Wendland, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia. Siku hizi wataalamu wameliingiza katika jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, iitwayo Streptocarpus, basi hata jina la bwana mkubwa limeshushwa cheo. Nilipolisikia hilo niliona raha isiyo ya mtu mzima.

Sasa sanamu yako. Ningesema kabati linafaa, kwa kuwa sanamu iliyosimama peke yake haina kikaratasi, na kitu kisicho na kikaratasi unajua nasemaje. Halafu nakumbuka kwamba bila ulimbikizaji wa mtu huyo hata nyimbo za Angola zisingetufikia, nasita. Halafu nakumbuka pesa zilikotoka, na ulimi unaniwasha kutamka neno moja ambalo sitalitamka, maana wewe ndiye uliyesimama mbele yake na mimi niko Lushoto na mwavuli. Liamue mwenyewe. Ila nitakapokuja kukutembelea nitalitamka.

Tangu barua yako ifike nimelifungua sanduku la bati la babu yako, nikalitoa daftari langu la msituni. Namba zote zimo, kuanzia 1 hadi 212, na karibu kila namba ina jina la Kisambaa alilolitaja yeye. Mimea yenyewe imehifadhiwa ng'ambo, na anwani ninayo. Nimeanza mara tatu kuwaandikia barua ya kuomba jina lake liongezwe, na mara zote tatu nimekwama pale ninapotakiwa kueleza ni nani aliyeviandika vikaratasi vile.

Ni mimi baba yako.