Maswali na Majibu: Kishikwambi Mbele ya Rubani

Mwezi huu wasomaji wengi mmeuliza juu ya vishikwambi na simu kwenye chumba cha rubani. Nimechukua maswali yanayohusu usalama. Yale ya kutaka nitaje programu ipi ni nzuri nimeyaacha, maana programu yoyote halali ni nzuri kwa anayeijua na mbaya kwa asiyeijua.

Shikamoo Kapteni. Nasomea urubani, sasa niko likizo nyumbani Masasi. Nina iPad ya Wi-Fi tu. Nikiwa angani bila bando, GPS itafanya kazi?

Marahaba mwanangu. Haitafanya kazi, na bando halihusiki. iPad ya Wi-Fi pekee haina kipokezi cha GPS ndani yake. Ile inayotumia laini ndiyo inayo. Nunua hiyo, au tafuta kipokezi cha nje kinachounganishwa kwa Bluetooth. Kipokezi husikia setilaiti moja kwa moja, hakihitaji mtandao. Kinachohitaji mtandao ni ramani, nazo unazipakua ukiwa bado nyumbani. Kisha zima mtandao, fungua programu, pitia njia nzima kwa kidole uone kama ramani zote zipo. Swali hili limeletwa hapa mara nyingi mno, na rubani anayeligundua jibu lake akiwa juu ya Rufiji amechelewa.

Jamaa yangu amenitumia ramani za viwanja kwa WhatsApp, za bure. Nizitumie? (Rubani, Mtwara)

Zifute leo. Taarifa za anga hubadilishwa dunia nzima kwa mzunguko wa siku 28. Ramani ya zamani itakwambia njia ya kurukia ya Mtwara ina mita 2,258, wakati imerefushwa hadi 2,800. Hapo kosa limeangukia upande wako mzuri. Siku nyingine litakuficha mnara mpya wa simu uliosimikwa karibu na kiwanja cha porini, au litakupa masafa ya redio yasiyotumika tena. Mtu anayemudu mafuta ya ndege asiniambie ramani halali ni ghali.

Nilipanda ndege ndogo kutoka Mtwara kwenda Dar, nikakaa karibu na rubani. Alikuwa anapapasa kishikwambi. Nilikosa amani. Alikuwa anachati? (Mama wa biashara, Mtwara)

Dada yangu, inaelekea alikuwa anasoma ramani au orodha ya ukaguzi. American Airlines walipata kibali cha kutumia iPad mwishoni mwa 2011, na kufikia 2013 marubani wao walikuwa wameacha mikoba ya karatasi yenye uzito wa kilo 16 hivi. Lakini Aprili 2015 ramani moja tu ya uwanja wa Reagan, Washington, ilijirudia ndani ya programu yao, programu ikagoma, na ndege kadhaa zikachelewa kuondoka. Ndiyo maana kila siku nasisitiza chombo cha pili chenye betri yake, au karatasi. Ila kama alikuwa akikipapasa wakati wa kuondoka au kutua, hofu yako ilikuwa ya haki. Wakati huo macho yanatakiwa kuwa nje na kwenye vipimo vya ndege. Mkishatua, muulize kwa heshima. Rubani mzuri hakasiriki.

Programu inanipa hesabu ya uzito kwa sekunde. Kuna haja gani ya kupiga hesabu kwa mkono? (Rubani wa ndege za kukodi, Lindi)

Haja ipo, na watu wamekufa kwa kuidharau. Tarehe 20 Machi 2009, pale Melbourne, Australia, Airbus ya Emirates iliyokuwa ikienda Dubai iliondoka kwa taabu huku mkia ukiburuza kwenye lami. Ilikuwa na uzito wa tani 362.9, kwenye kompyuta iliingizwa 262.9. Tarakimu moja, tani 100 zimepotea, na kompyuta ikatoa nguvu ya injini na mwendo wa ndege nyepesi. Wale walinusurika. Huko Halifax, Kanada, Oktoba 2004, Boeing 747 ya mizigo ya MK Airlines ilijaribu kuruka kwa hesabu ambazo wachunguzi waliona yaelekea zilitokana na uzito wa safari iliyotangulia, uliobaki kwenye programu. Wote saba walikufa.

Sasa njoo kwako. Msimu wa korosho, Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, imejaa, kila abiria umemwandikia kilo 75 bila kumpandisha kwenye mzani, na vigunia vya korosho vya kupelekea ndugu vimesukumwa nyuma kabisa kwa kuwa “ni vyepesi tu”. Programu haijui habari za vigunia hivyo. Itakuonyesha rangi ya kijani, nawe utaiamini.

Pima watu na mizigo. Futa tarakimu za safari iliyopita kabla ya kuingiza mpya. Kadiria jibu kichwani kwanza. Mwendo wa kunyanyukia wa ndege yako ikiwa imejaa unapaswa kuujua kama jina lako. Jibu la skrini likitofautiana sana na lako, usiwashe injini.

Kishikwambi changu huzimika chenyewe mchana pale kiwanja cha ndege cha Kikwetu. Ni kibovu? (Lindi)

Ni joto. Apple wanasema iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na wewe umeibandika chini ya kioo cha mbele jua la saa saba. Kwanza skrini hufifia, halafu huandika onyo na kukataa kazi. Iondoe kwenye jua, acha kuichaji, ipitishie hewa. Na vua miwani ya jua yenye polaroidi, nayo hufanya skrini ionekane nyeusi.

Programu ya simu inaonyesha jua kutwa. Naweza kuruka Kilwa Masoko kwenda Mafia?

Programu nyingi za bure huonyesha makisio ya kompyuta. Hakuna mtu aliyetazama nje. Makisio ya ECMWF, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya, ambayo ni ya kuaminika, yana miraba ya kilomita 9 hivi. Wingu moja la mvua juu ya Songo Songo linapita humo bila kuonekana. Chukua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kisha mpigie simu mtu aliye Mafia akwambie anaona nini. Pwani iliyopigwa na kimbunga Hidaya Mei 2024 haihitaji kukumbushwa.

Pawabenki ya 20,000 mAh naruhusiwa?

Ndiyo, ni kama saa-wati (Wh) 74 na kikomo ni 100. Kaa nayo mkononi, usiiweke kwenye mzigo wa chini.

Ndege ikipita Kilwa inapotea kwenye Flightradar24, ile programu ya kufuatilia ndege. Imeanguka? (Kijana wa Mikindani)

Hapana. Ndege hutangaza mahali ilipo kwa megahezi 1090, na kipokezi cha chini lazima kionane nayo. Ikishuka na kipokezi kiko mbali, inapotea kwenye skrini yako tu. Acheni kusambaza picha hizo kwenye makundi na kuandika “imeanguka”, wakati kuna familia zinasubiri uwanjani. Mwenye wasiwasi alipigie simu shirika husika.