Waliouzwa Walikuwa Watumwa, Si Utumwa

Msomaji mmoja ameuliza kama “mtumwa” na “mtume” ni maneno ya shina moja, na ikiwa ndivyo, ilikuwaje moja likapata heshima na jingine fedheha. Anataka pia kujua kama ni sahihi kusema “biashara ya utumwa”.

La kwanza halina utata. Yote mawili yametokana na kitenzi “tuma”. “Mtumwa” limebeba kauli ya kutendwa, kama yalivyo mfiwa, mpendwa na mshitakiwa. “Mtume” lina kiishio -e, ambacho nacho humtaja aliyetendwa, kama katika kiumbe na mteule. Kwa umbo, basi, wote wawili ni watu waliotumwa. Kilichowatenga ni matumizi: mtume hukabidhiwa ujumbe, akaufikisha kwa jina la aliyemtuma, ilhali mtumwa hutumwa maisha yake yote, kwa kazi yoyote, wala hana haki ya kukataa, kwa kuwa yeye mwenyewe amehesabiwa kuwa mali ya anayemtuma. Ukiweka u- mahali pa m- unapata “utumwa”, yaani hali ya kuwa mtumwa.

Hapo penye neno “hali” ndipo penye ugomvi wangu wa siku nyingi. Katika Kiswahili, bidhaa ikitajwa baada ya “biashara ya”, hutajwa yenyewe: biashara ya karafuu, ya pembe za ndovu, ya ng’ombe. Hakuna mchuuzi aliyewahi kufanya biashara ya “ung’ombe”. Katika soko la Mkunazini, Unguja, hakuna mnunuzi aliyelipia hali. Walilipiwa watu, mwanamume, mwanamke na mtoto, kila mmoja na jina lake na kwao alikotoka. Anayesema “biashara ya utumwa” amewaondoa watu hao sokoni, akabakiza dhana tupu isiyolia wala kuumia.

Nitajibiwa kwamba twasema pia biashara ya uchukuzi na biashara ya utalii, na hakuna anayelalamika. Ni kweli, lakini uchukuzi ni kazi ya mfanyabiashara mwenyewe, ndiyo inayompa riziki. Utumwa haukuwa kazi ya mwuzaji, ulikuwa msiba wa aliyeuzwa. Mlinganisho huo haufai kabisa, na huniudhi zaidi unapotolewa na watu waliosoma sarufi.

Wala dosari haiishii kwenye sarufi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Biashara ndiyo iliyoharamishwa. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Zanzibar hadi 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Pwani ya Kenya ulingoja hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922. Mwanafunzi anayesoma kwamba “biashara ya utumwa ilikomeshwa 1873” husikia mambo mawili kwa pamoja, akaondoka akiamini kwamba siku ile kila mtu alikuwa huru. Miaka 24 ya watu walioendelea kumilikiwa kisheria visiwani inafutwa kwa uzembe wa silabi chache.

Najua msemo huu umekwisha kuenea, umo vitabuni na midomoni, na sina nguvu za kumsahihisha kila anayeutamka katika mazungumzo. Huko nimenyamaza. Lakini mwandishi wa kitabu cha historia, mtunzi wa mtihani na mwandishi wa maelezo ya makumbusho hawana udhuru: wakizungumzia soko, misafara na majahazi, waandike “biashara ya watumwa”, wakizungumzia mfumo uliowaweka watu hao chini ya miliki ya wengine, waandike “utumwa”. Wapo siku hizi wanaopendelea “biashara ya watu waliotiwa utumwani”. Ni ndefu, lakini naikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa imemtaja mtu kabla ya kutaja alichotendewa.