Kaka amenyimwa parole, jaji anaweza kumtoa?

SWALI: Kaka yangu alifungwa miaka 12 kwa kuua bila kukusudia, ametumikia mitano. Parole (kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha) imekataliwa, tumeambiwa tu "hakukidhi vigezo". Kuna bwana anataka milioni moja na nusu afungue kesi Mahakama Kuu, anasema jaji lazima amtoe kwa sababu theluthi imepita. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, usimpe hata shilingi.

Hilo la theluthi nalisikia kila wiki na linaniumiza, kwa sababu familia zinauza mashamba kwa ajili yake. Chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, kutumikia theluthi ya kifungo kunamfanya mfungwa ajadiliwe. Ajadiliwe, si aachiwe. Wengi huichanganya na punguzo la theluthi analopata mfungwa mwenye nidhamu chini ya Sheria ya Magereza. Parole hupitia Bodi ya Mkoa, kisha Bodi ya Taifa, mpaka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na popote hapo jibu laweza kuwa hapana.

Jaji naye hakai kwenye kiti cha Bodi. Katika mapitio ya mahakama hapimi kama kaka yako amejirekebisha. Anapima uamuzi ulivyofikiwa. Je, alisikilizwa, kama Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inavyotaka? Taarifa zilizotumika zilikuwa zake kweli? Sababu zilitolewa? "Hakukidhi vigezo", bila kutaja kigezo kipi, ndiyo hoja yenu ya kushika. Mkishinda, kwa kawaida uamuzi unatenguliwa na shauri linarudi kuamuliwa upya, naye anabaki ndani akisubiri.

Vishoka, hao mawakili bandia, hupenda kutaja kesi ya Janusz Waluś, muuaji wa mwanasiasa wa Afrika Kusini Chris Hani, ambaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamuru mwaka 2022 apewe parole. Hawasemi kwamba Waziri alikuwa amemkatalia kwa uzito wa kosa, jambo lisiloweza kubadilika hata angekaa miaka mingine 30, wala kwamba Waluś alikuwa ameshatimiza masharti mengine. Na ile ni sheria ya kwao.

Andikeni barua leo kupitia kwa Mkuu wa Gereza, mkiomba uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Kibali cha kufungua maombi ya mapitio huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi, na muda huo ndio vishoka wanaoumaliza: leo faili linafuatiliwa, kesho jaji yuko likizo, miezi sita ikishapita simu haipokelewi. Kama hamna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu na wafungwa pia. Na yeyote anayejiita wakili, mwombeni namba yake ya uwakili, mtafute jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wa mawakili, kabla hamjamfungulia pochi.