Namna ya kutambua chapa ya mapema ya mezotinti

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje kama picha ya mezotinti (picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba) unayouziwa, iliyotokana na mchoro wa Joshua Reynolds, mchoraji Mwingereza, ni chapa ya karne ya 18 au ni nakala ya baadaye. Anza na weusi wake. Bamba la shaba lilikwaruzwa lote kwa chombo chenye meno ili lishike wino, kisha msanii akalainisha sehemu zilizotakiwa kung'aa, kama vile uso na mikono. Na kwa kuwa mikwaruzo hiyo hulika upesi chini ya mtambo, chapa za kwanza huwa na weusi mzito kama mahameli, ilhali za mwisho hufifia na kuwa kijivu. Uzuri wa sanaa hii umo katika weusi huo. Itazame pia kwa lenzi, kwani vitone vilivyopangwa kwa safu sawasawa ni dalili ya uchapaji wa kisasa. Mimi nisingenunua chapa iliyokatwa ndani ya alama ya bamba, yaani mbonyeo ulioachwa na kingo za bamba kwenye karatasi, hasa ikiwa imepoteza maandishi ya chini yenye majina ya mchoraji na mchongaji wa bamba, kwa sababu hayo ndiyo husaidia kutofautisha matoleo ya bamba moja.