Klabu ya Modeli za Vyombo: Anzeni na Mashua Iliyo Ufukweni Kwenu

Wiki hii msomaji wa Tanga ameniandikia. Yeye na wenzake wameanzisha klabu ya kutengeneza modeli za vyombo vya baharini. Wana chumba, wana meza mbili, na wamechanga fedha za kuagiza kutoka Ulaya sanduku la kuunda meli ya kivita ya Kiingereza yenye milingoti mitatu. Swali lake ni sanduku lipi litawafaa. Jibu langu: fedha hizo nunueni mbao, jiliwa na msasa, na kazi yenu ya kwanza iwe mashua halisi iliyo ufukweni kwenu.

Sanduku ni kazi ya mtu mmoja. Vipande vimekwisha kukatwa, mmoja anapaka gundi na saba wanatazama, na haupiti muda mrefu wanabaki wawili. Chombo mnachokipima wenyewe kina kazi ya kila mkono: wa kushika timazi, wa kuandika, wa kuchora, wa kupasua fito, wa kusuka kamba, wa kushona tanga. Tena modeli nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya watalii zinaniuma. Mlingoti umesimama wima kama wa bendera, foromali, mti unaobeba tanga, ni kijiti kimoja, kamba ni nene kuliko mkono wa baharia. Mlingoti wa vyombo vyetu huinamia omo, yaani mbele, na foromali huungwa kwa miti miwili au zaidi iliyofungwa kwa kamba. Ikiwa sisi wenye vyombo hatuvipimi, nani atavipima?

Chagueni mashua ya mita 8 hivi, yenye tezi, yaani nyuma, bapa. Kwa skeli ya 1:20 itatoka ya sentimita 40. Hukaa mezani bila taabu na vitu vyake vidogo bado vinashikika kwa vidole. Kwa 1:50 kapi (roda za kupitishia kamba) na vifundo hupotea, na 1:10 hula mbao nyingi mno kwa klabu changa. Ombeni ruhusa kwa mwenye chombo na kwa nahodha, muulize ni lini kitapandishwa kukalafatiwa, yaani kuzibwa mianya ya mbao. Nendeni wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na chombo kimesimama juu ya magadi, yaani miti ya kukiegemeza. Kikiwa kimelala ubavu, msijidanganye, subirini siku nyingine.

Vifaa vya kupimia ni vya bei nafuu: timazi, tepu ya mita 10, uzi imara, mpira mwembamba wa maji wa kusawazishia, ubao ulionyooka wa mita 4, na chaki. Vuteni uzi juu ya chombo kutoka hanamu (mti wa mbele kabisa) hadi tezi, katikati kabisa, mkiusawazisha kwa mpira wa maji. Wekeni alama kila mita moja, kisha ongezeni alama ya nusu mita karibu na omo na nyingine karibu na tezi, maana hapo umbo hubadilika haraka. Mtapata vituo 9. Kwenye kila kituo lazeni ubao kukingama na uzi, timazi ining'inie mita 2 kutoka katikati, halafu pimeni kwa usawa kutoka uzi wa timazi hadi ubavu wa chombo, kila mnaposhuka sentimita 20. Mkipata sentimita 85, nusu ya upana hapo ni mita 1.15. Pimeni pia kina cha mkuku (mti mrefu wa chini kabisa) chini ya uzi kwenye kila kituo. Anayesoma tepu aseme kwa sauti, anayeandika arudie kabla ya kuandika. Pimeni pande zote mbili. Mafundi wetu huunda kwa jicho, na pande kutofautiana sentimita mbili tatu ni kawaida. Tumieni wastani.

Kabla maji hayajarudi pimeni unene wa kila kitu: mbao, mataruma (mbavu za chombo) na nafasi kati yake, mlingoti chini na juu, foromali, henza (kamba ya kupandishia foromali), demani (kamba ya kuongozea tanga), kichwa cha msumari. Hapo ndipo klabu nyingi huchoka na kurudi nyumbani, kisha huja kubuni. Msibuni.

Chumbani choreni kwa karatasi ya grafu. Baada ya kuweka nukta, lazeni ufito mwembamba unaopinda uzipitie. Ufito ukikataa nukta moja tu, kipimo hicho kilisomwa vibaya. Ukionyesha omo na tezi zote zimeshuka na katikati pameinuka, chombo ni cha zamani na mkuku wake umepinda. Amueni mapema kama mnakiunda kilivyo leo au kilivyotoka kwa fundi, na uamuzi huo muuandike kwenye daftari la klabu.

Vituo 9 ndivyo kalibu 9, yaani vibao vya kushika umbo, za plaiwudi ya milimita 3. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mahali: kukata kalibu kwa kipimo cha nje ya chombo. Mbao za milimita 1.5 zitakaa juu yake, na modeli itanenepa milimita 3, yaani sentimita 6 za chombo halisi. Punguzeni milimita 1.5 kuzunguka kingo zote. Simamisheni kalibu kichwa chini juu ya ubao mnene ulionyooka, na kingo zake mzipake nta ya mshumaa ili gundi isishike.

Mbao. Mvule ni wa heshima kwenye chombo kikubwa, lakini vinyweleo vyake huonekana vikubwa mno kwa 1:20, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo vaeni barakoa. Msaji una mafuta, ufuteni kwa spiriti kabla ya gundi, la sivyo utabanduka. Kwa fito mimi napendelea podo, ina nyuzi laini na hupinda vizuri. Kwa kapi na abedari (kapi ya henza) tafuteni mpera au mchungwa mkavu, maana hauchaniki ukitobolewa tundu la milimita 1. Zikishapasuliwa, fito zikae chumbani mwenu wiki kadhaa kabla ya kutumika. Mbao zilizokauka kwa jua la kaskazi hufura masika ikifika, na modeli iliyoundwa kwa haraka kati ya misimu hiyo ndiyo inayopasuka ubavuni.

Kupiga mbao ndiyo roho ya kazi. Tuseme kutoka mkuku hadi ukingo wa juu, kwenye kalibu ya katikati, mmepata milimita 110. Mbao halisi za sentimita 15 ni milimita 7.5 kwenye modeli, basi mnahitaji mbao 15 kila upande. Penye hanamu umbali huohuo huenda ni milimita 75. Gawanyeni kwa 15, kila ubao uwe milimita 5 hapo. Fanyeni hivyo kwenye kila kalibu, mtie alama kwa penseli, na kila ubao upigwe randa uwe mwembamba kuelekea ncha. Asiyefanya hesabu hii huona mbao zikipanda hanamu na kubanana, naye huishia kuziba mianya kwa vumbi la mbao na gundi. Ncha ikihitaji kuwa chini ya nusu ya upana wa katikati, punguzeni idadi ya mbao mbele badala ya kulazimisha.

Lowekeni ubao kwenye maji ya moto dakika 15 hadi 20, ufungeni kwenye kalibu kwa vibanio vya nguo, uachwe ukauke hapo usiku kucha bila gundi. Gundi ije kesho yake. Ubao uliogundishwa ukiwa umelowa hunywea ukikauka na kuacha mwanya. Pigeni ubao mmoja kulia, kisha mmoja kushoto, mpaka mwisho. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mvuto wa mbao utaupinda mkuku na hautanyooka tena. Na hili klabu zilishike: mtu yuleyule apige pande zote mbili. Mikono miwili tofauti huzaa mashavu mawili tofauti. Wengine wana kazi ya kutosha kuandaa fito.

Kabla ya kung'oa chombo kwenye kalibu, fungeni vijiti vitatu vya kukingama kwenye kingo, maana mbao zinataka kunyooka na chombo hufunguka kikiachiwa. Kisha ingizeni mataruma ya milimita 4, moja kila milimita 20, yakiwa yamepindwa kwa maji ya moto pia. Supagluu itumieni kushikizia tu, maana hukatika ikipigwa. Gundi nyeupe ya kawaida inatosha kwa modeli ya kabatini, lakini itakayoingia majini iundwe kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji.

Tanga lishoneni kwa bafta, si marekani, ambayo kwa skeli hii husimama kama kadibodi. Lifueni kwanza wanga utoke, kisha lichovyeni kwenye chai ya rangi. Msisahau mapande: tanga halisi ni vitambaa virefu vilivyoungwa, na upana wa kila kimoja mliupima. Kamba ziwe za uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta, zisukwe kwa unene uliopimwa. Henza ya milimita 24 ni milimita 1.2. Nailoni hung'aa na vifundo vyake hulegea.

Kwa sehemu ya chini inayopakwa deheni (shahamu na chokaa) tumieni rangi nyeupe isiyong'aa, iliyozimuliwa na kupakwa mara mbili tatu. Juu pakeni mafuta ya kitani badala ya sifa, yaani mafuta ya samaki. Matambara yenye mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa kwenye pipa, maana hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yalowekeni kwenye maji au yaanikeni nje yakiwa yametandazwa. Mwenye ufunguo wa chumba ahakikishe kila jioni.

Vijana wote watataka kuiona ikienda kwa upepo, na wana haki, ila hesabu haikubali bila msaada. Uzito hugawanywa kwa 20 mara tatu (20 × 20 × 20), yaani hupungua mara 8,000: mashua ya tani 6 inakuwa gramu 750. Nguvu ya upepo wa kuilaza hupungua kwa kiasi hichohicho, lakini nguvu ya chombo kujiinua hugawanywa kwa 20 mara nne, yaani hupungua mara 160,000. Kwa upepo uleule, modeli hulazwa kirahisi mara 20 kuliko mashua yenyewe. Basi tengenezeni pezi la kuchomeka chini ya mkuku, lenye gramu 250 hivi za risasi za nyavu sentimita 12 hadi 15 chini, likazwe kwa bolti mbili za milimita 3, na ling'olewe modeli ikirudi kabatini. Matundu ya bolti yatobolewe kwenye mkuku kabla ya ubao wa kwanza kupigwa. Baadaye keekee haifiki, na anayelazimisha huupasua mkuku.